Msimlaze mteja kabla hamjamwangalia akiwa amesimama

Mhariri, kama umenizidi umri shikamoo, kama ni rika basi habari za kazi. Mimi ni mkandaji, mtu wa masaji kama vijana wanavyoita, kazi zangu nafanyia hapa Mbeya upande wa Mwanjelwa, na naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana kuna jambo linanikera na huwa tunaliongea sisi kwa sisi tu tukikutana, halitoki nje.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu anaingia chumba cha masaji, anaulizwa unataka mwili mzima au mgongo tu, analipa, anaambiwa vua nguo lala kifudifudi, mafuta yanamiminwa kazi inaanza. Hakuna aliyemwangalia amesimamaje, hakuna aliyemuuliza shingo inageuka mpaka wapi, hata kazi anayofanya hajaulizwa, na saa moja baadae anaamka anashukuru anaondoka na kesho kutwa maumivu yako pale pale. Halafu anasema masaji ni starehe tu haitibu kitu. Sasa hapo nani wa kulaumiwa?

Mtu akishalala wewe mkandaji umeshapoteza nusu ya habari. Uzito umeondoka kwenye mgongo, kichwa kimewekwa kwenye tundu la kitanda, mabega yamelegea, yaani kila mtu akilala anakuwa mzima. Mgongo unaonyesha tabia yake ukiwa umebeba mzigo, na mzigo wa kwanza ni kichwa chenyewe, maana kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 4.5 hadi 5 hivi na kinakaa juu ya pingili 7 za shingo. Chini yake kuna 12 za kifua, 5 za kiuno, halafu 5 zilizoungana pale katikati ya makalio na vile vipande vya kifandugu, kwa hesabu ya kawaida ni 33. Na mgongo wenyewe haujanyooka na hautakiwi kunyooka, ukimtazama mtu kwa ubavu shingo inaingia ndani kidogo, kifua kinatoka nyuma, kiuno kinaingia tena. Kuna wakandaji nimewasikia kabisa wanamwambia mteja kiuno chako kimeingia ndani tutakinyoosha. Unyooshe ili iweje?

Mimi natumia timazi, ile ile ya mafundi ujenzi, uzi wenye kizito mwishoni. Nimeitundika kwenye fremu ya mlango kwa ndani, uzi unashuka mpaka karibu na sakafu, mteja anasimama ubavu wake ukiwa usawa wa uzi, na ninaupanga uzi upite mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Hapo sasa naanza kupanda juu kwa macho. Kwa mtu aliyekaa vizuri uzi utapita mbele kidogo ya katikati ya goti, upite kwenye ule mfupa wa nyonga unaojitokeza pembeni, upite kwenye ncha ya bega, ufike kwenye tundu la sikio. Sikio likiwa mbele ya uzi na bega nalo liko mbele, ushajua kichwa kimetangulia na misuli ya nyuma ya shingo inakishikilia kisianguke siku nzima. Ukimaliza ubavu unaenda nyuma yake. Mabega yako usawa? Mabawa ya mgongoni, yaani ile mifupa bapa ya nyuma ya mabega, moja limetoka kuliko lingine? Halafu unapiga magoti kabisa, usiiname, unaweka mikono juu ya mifupa ya nyonga kushoto na kulia, macho yako yawe usawa wa mikono, ndio utaona kama upande mmoja umepanda. Wengi wanaangalia wakiwa wamesimama juu wanamwambia mtu nyonga yako imepinda kumbe ni jicho lake yeye ndio limekaa vibaya.

Na usimwambie mteja "nataka nione unavyosimama". Ukisema hivyo tu amebana tumbo katoa kifua kama askari wa gwaride, utapima uongo. Mwambie apige hatua pale pale alipo, aitikie kwa kichwa mara kadhaa, afumbe macho, akitulia hapo ndipo mwili unarudi kwenye mazoea yake.

Kuna mambo ya huku kwetu ambayo vitabu vya wenzetu havisemi. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya si unaijua baridi yake, mtu ametoka Uyole asubuhi kwenye bodaboda, anaingia mabega yameshapanda mpaka masikioni. Ukimpima hapo hapo utaandika mabega yamekaza wakati mtu ana baridi tu. Mpe chai, mwache akae kidogo, akipata joto ndio umsimamishe. La pili ni nywele. Rasta ndefu na wigi vinaficha shingo yote, omba kwa adabu azibane juu. La tatu heshima. Mama mtu mzima huwezi kumwambia avue abaki na chupi asimame mbele yako kijana wa kiume, atakuona huna akili na atakuwa sahihi. Kanga moja inatosha, ajifunge chini ya makwapa, mabega na mabawa yanaonekana na mgongo wa juu unaonekana, kwa chini unapapasa juu ya kanga baada ya kumuomba ruhusa, na kama anataka mwenzake awepo chumbani basi awepo. Picha ukitaka kupiga piga kwa simu yake yeye, sio yako.

Kazi ya mtu nayo inasema mengi kabla hata ya timazi. Vijana wanaopakia viazi, sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100 lakini lumbesa si mnazijua, wengi wao wana bega moja la kazi na shingo imekimbilia upande wa pili. Madereva wa malori wanaokaa kwenye foleni ya Tunduma wengine wanakalia waleti mfuko wa nyuma siku nzima, nyonga upande mmoja juu, na dawa ya kwanza ni kumwambia baba toa hiyo waleti weka mbele, bure kabisa. Wachuma chai wa Rungwe na Mufindi kikapu kiko mgongoni na mikono iko mbele kutwa. Dada wa kibanda cha kutuma pesa kidevu kiko kifuani kwenye simu. Ila mama wanaobeba ndizi kichwani kutoka Tukuyu wananifundisha kila siku kwamba timazi haitoshi, maana wengi wao ukiwasimamisha uzi unapita sawasawa kila mahali, mtu amenyooka vizuri kabisa, halafu ukimwambia mama geuza shingo uangalie bega lako, inafika nusu inagoma. Kwahiyo baada ya kutazama lazima umwambie ageuze kushoto na kulia, ainamishe kidevu kifuani, aangalie juu taratibu, alaze sikio upande wa bega, na unalinganisha upande na upande. Afanye mwenyewe, wewe usishike kichwa. Na unamuuliza ikifika wapi inauma, na kama kuna ganzi inashuka mkononi.

Halafu kuna kundi la pili, na hawa wananikera kuliko wasioangalia kabisa. Hawa wanaangalia vizuri sana ila wanaangalia ili wauze. Mteja anasimamishwa mbele ya ukuta uliochorwa mistari, anapigwa picha, anaambiwa dada umeona bega lako, umeona shingo yako, usipofanya masaji mara kumi utapooza. Mtu anatoka pale anaogopa hata kuinama kufunga kamba za viatu. Jamani bega la kulia kuwa chini kidogo kwa mtu anayetumia mkono wa kulia ni kawaida. Hakuna binadamu aliye sawa kushoto na kulia, mimi sijamuona. Na tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba mkao na maumivu havifuatani moja kwa moja, kuna watu wamejikunja na hawaumwi popote na kuna watu wamenyooka na hawalali usiku. Wanapenda pia kusema ukiinamia simu shingo inabeba kilo 27. Hiyo namba ilitolewa 2014 na daktari mpasuaji mmoja wa New York, Kenneth Hansraj, ni hesabu ya kwenye kompyuta ya kichwa kilichoinama nyuzi 60, hakuna mtu aliyepimwa shingo kwenye mizani. Ukiisema bila kusema hivyo unamtisha mtu ili akulipe.

Sasa utaniuliza, kama mkao hauelezi maumivu, timazi ya nini? Swali zuri na nalijibu kwa mfano. Mtu wa kibanda cha kutuma pesa analalamika anaungua katikati ya mabawa ya mgongo. Mkandaji asiyeangalia atasugua hapo hapo panapoungua mpaka viwiko viishe nguvu. Ukimtazama kwa ubavu unaona mabega yamezunguka mbele na kidevu kimetoka, maana yake mara nyingi misuli ya kifua ndio imefupika na ile ya mgongoni imevutwa imechoka, daktari mmoja wa Kicheki anaitwa Vladimir Janda alishaeleza mpangilio huu zamani, misuli mingine inakaza na mingine inalegea kwa mkato wa msalaba. Kwahiyo unamgeuza chali, unafanya kifua na mbele ya mabega na vile vimisuli vidogo chini ya kisogo, mgongoni unapita kwa wepesi. Sisemi itamponya kila mtu. Nasema mikono ilikwenda mahali kwa sababu, na ukimsimamisha tena baada ya kazi unaona kama kuna kilichobadilika au umepoteza mafuta yako.

Na sababu kubwa kuliko hiyo ni kujua nani hutakiwi kumgusa. Hapa naomba wenzangu mnisome polepole.

Mtu akiinama na ukapitisha vidole katikati ya mgongo ukakuta pingili moja au mbili zimetoka kwa kona kali, sio ule mviringo wa wazee, na ukigusa hapo anaruka, muulize habari za homa za jioni, jasho la usiku, kupungua mwili, hamu ya kula. Inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kile alichokieleza Percivall Pott wa Uingereza tangu 1779, na kinaweza kumpata mtu asiyekohoa hata kidogo. Mkoa wetu una wachimbaji wa Chunya, vumbi la miamba na TB vinajuana, sisi watu wa masaji ndio tunaletewa "mgongo unauma" ya mchimbaji kabla ya hospitali. Ukikandamiza pale unaweza kuharibu zaidi pingili iliyooza na kugusa uti wenyewe, mtu akapooza. Dawa za TB hospitali za serikali ni bure. Mwambie aende, na usichukue hela yake.

Watoto wa shule nao, hasa mabinti wa miaka ya kubalehe. Mama anakuletea anasema mwanangu anakaa upande. Kuna kipimo rahisi kinaitwa kwa jina la William Adams, daktari Mwingereza wa 1865: mtoto anasimama miguu pamoja, anainama mbele mikono inaning'inia viganja vimekutana, wewe uko nyuma unatazama mgongo usawa wa macho. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mgongo huo umejipinda na kujizungusha, aende akapigwe eksirei. Na masaji haiunyooshi huo, anayekwambia anaunyoosha anakula hela ya mama wa watu. Lakini kama akisimama anaonekana amepinda na akikaa kwenye stuli panakuwa sawa, angalia miguu, huenda mmoja ni mfupi au ana kawaida ya kusimamia mmoja.

Wengine wa kutogusa nawataja haraka haraka: aliyeanguka na bodaboda juzi shingo inauma, bibi mwenye mifupa dhaifu au anayetumia muda mrefu vidonge vya prednisolone, ambavyo hudhoofisha mifupa, mwenye baridi yabisi ya viungo shingoni, anayesema miguu yote miwili imekosa nguvu au haja inamponyoka au amekufa ganzi sehemu anayokalia. Huyo wa mwisho sio wa kesho, ni wa saa hiyo hiyo, mpakie kwenye bajaji aende.

Tukija kwenye shingo sasa. Nyie wanaume mnaonyoa saluni mnajua ninachotaka kusema. Umemaliza kunyolewa, dada anakufanyia skrabu, anakukanda kichwa na mabega, unasinzia, mara anashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine anakizungusha ghafla, ka! Halafu upande wa pili, ka! Unajisikia mwepesi unaongeza elfu mbili ya soda. Ule mlio sio mfupa uliorudi mahali pake, ni gesi kwenye maji ya ndani ya kiungo. Kuanzia pingili ya 6 kupanda mpaka ya 1 kuna mishipa miwili ya damu inapita ndani ya matundu ya hizo pingili kwenda kwenye ubongo, na pale juu kabisa mishipa hiyo inapinda pinda sana. Ukizungusha shingo ghafla ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Haitokei mara nyingi, ni kweli. Lakini imetokea kwa watu na imeandikwa na madaktari, na wengine walikuwa vijana kabisa, na huyo dada wa skrabu hajauliza kama una presha, kama unapata kizunguzungu, kama unaona vitu viwili viwili, kama umewahi kudondoka ghafla bila sababu. Hajauliza hata jina. Mimi simlaumu yeye peke yake, kafundishwa na mwenzake wiki moja akapewa kazi. Namlaumu mwenye saluni, na wewe unayeomba "dada nivunje na shingo". Acheni kuomba hicho kitu. Na sisi wakandaji tusifanye, hata mteja akisema kwa fulani nafanyiwaga, mwambie aende kwa fulani.

Najua wenye biashara watasema hayo yote ni muda, mteja anataka alale. Kusimama kwenye timazi, kuinama, kugeuza shingo na maswali yake haizidi dakika kumi, na kwa mteja wa kila wiki ni dakika mbili maana una daftari lenye mchoro wa mtu mbele na nyuma uliloweka alama mara ya kwanza. Timazi yenyewe ipo duka lolote la vifaa vya ujenzi, na kama hutaki kununua funga nati kwenye uzi wa nailoni.

Ombi langu la mwisho haliendi kwa wakandaji, linaenda kwa watu wa mazoezi tiba na madaktari wetu wa huku, kuanzia Mbeya, Njombe mpaka Iringa, kamwene wote. Tunapomtuma mtu kwenu huwa tunampa kikaratasi: tumeona hiki, amesema hiki, hatujamkanda. Mara nyingi anarudi anasema karatasi haikusomwa, aliulizwa tu nani kakwambia uende kwa watu wa masaji. Sasa akishasemwa hivyo, safari nyingine haendi hospitali, anaenda kwa yule wa kuvunja shingo. Sisi hatupimi ugonjwa na hatutaki kujifanya madaktari, kazi yetu ni kutazama na kupapasa na tukiona kisichoeleweka tunawaletea. Someni hicho kikaratasi. Na mkimaliza na mgonjwa, kama hana shida yeye tukijua, tuandikieni hata nyuma ya karatasi ile ile, neno moja tu: mkande, au usimguse.

Mkandaji,
Mwanjelwa, Mbeya